Baan Mankong: mpango wa nyumba wa Thailand ambamo wakaaji wenyewe njo wanajenga

Baan Mankong ni mpango wa serikali ya Thailand, katika bara la Asia, ulioanza mwezi wa Januari 2003. Kwa Kithai jina hilo linamaanisha nyumba yenye usalama, ni kusema nyumba ambayo mtu hatalala ndani yake akiogopa kufukuzwa kesho. Unahusu watu wa mjini wenye mapato madogo: wale wanaokaa pembeni ya mifereji na njia ya reli, chini ya madaraja, ao juu ya udongo wa mtu mwingine.

Unajulikana sana duniani juu ya jambo moja. Katika mpango huu, Leta haijengi nyumba ili iziuze kwa maskini. Inapeleka makuta kwa kikundi cha wakaaji, na kikundi njo kinachagua udongo, kinachora ramani, kinatafuta mafundi na kulipa deni.

Ulitoka wapi?

Miaka ya 1980 na 1990, mji wa Bangkok ulikua haraka na bei ya udongo ikapanda. Wenye viwanja ambao zamani walikubali maskini wajenge kwa kulipa kodi ndogo, wakaanza kuwafukuza ili wajenge maduka na magorofa. Mwaka 1992 serikali iliunda ofisi ya maendeleo ya jamii za mjini na kuipa baht milioni 1,250. Baht ni feza ya Thailand. Makuta hayo hayakuwa ya kugawa bure: yalikopeshwa kwa vikundi vya akiba, yakirudishwa yanakopeshwa tena kwa wengine.

Mwaka 1997 Thailand ilipatwa na shida kubwa ya uchumi. Watu wengi walipoteza kazi na vikundi vingine vikashindwa kulipa. Vikundi vya mji mmoja vikaanza kushikamana, kusudi kimoja kikianguka vingine vikisaidie. Mwaka 2000 ofisi ile iliunganishwa na mfuko wa maendeleo ya vijijini, ikazaliwa taasisi ya serikali inayoitwa CODI. Ndiyo inayoongoza Baan Mankong mpaka leo.

Mpango unatembea namna gani?

Kwanza wakaaji wa mtaa wanaweka akiba pamoja, karibu sawa na vile AVEC zinafanya huku kwetu. Akiba inawazoeza kuandika hesabu, kukutana na kuaminiana. Kisha wanahesabu nyumba zote na kuandika kila jamaa: nani ana nyumba yake, nani ni lokatere, nani anakaa kwa ndugu yake.

Hatua inayofuata ni udongo. Kikundi kinaenda kuongea na mwenye udongo, akiwa mtu binafsi, kampuni ya reli ao ofisi ya serikali. Baada ya hapo wanajiandikisha kama koperative, kwa sababu mkopo unapewa koperative, haupewi mtu mmoja mmoja. Mwisho wanakaa na waarkitekti, wanapima viwanja na kupanga barabara, maji na mifereji ya maji machafu.

Makuta inatoka wapi?

Kuna mifuko miwili, na haichanganywi. Wa kwanza ni msaada wa serikali kwa vitu vya wote: barabara, maji, umeme, mifereji. Mpango ulipoanza, serikali ilitoa baht 25,000 kwa kila jamaa (karibu dola 625 wakati ule) pale watu walipobaki mahali pao na kurekebisha mtaa. Ilitoa baht 45,000 pale viwanja vilipopangwa upya, na baht 65,000 pale watu walipohama. Juu yake iliongezwa asilimia 5 kwa ajili ya kazi ya kuendesha mradi.

Mfuko wa pili ni mkopo wa nyumba na wa kununua udongo. Riba yake ni ndogo kuliko ya benki, lakini koperative inapaswa kuwa na akiba inayofikia asilimia 10 ya mkopo inaoomba. Koperative inawakopesha wanamemba kwa riba iliyo juu kidogo. Ile tofauti inabaki katika sanduku: mama akigonjwa ao baba akikosa kazi miezi miwili, sanduku njo linalipa mahali pake mpaka asimame tena.

Njia za kupata udongo

Vikundi vilitumia njia mbalimbali. Ya kwanza ni kubaki mahali pale na kurekebisha mtaa. Ya pili ni kusogeza nyumba na kunyoosha barabara. Ya tatu ni kugawana kiwanja na mwenyewe: yeye anachukua sehemu inayogusa barabara kubwa, ambayo ina bei, wakaaji wanajibana katika sehemu ya nyuma lakini kwa karatasi halali. Ya inne ni kuhamia kiwanja kingine, kwa kawaida karibu, ili watu wasipoteze kazi na watoto wasiache masomo.

Mfano wa kwanza ni Bon Kai, katikati ya Bangkok. Moto uliunguza nyumba nyingi mwaka 2001. Baada ya moto, wakaaji wa mitaa ya namna hiyo mara nyingi wanakatazwa kujenga tena, na udongo unapewa mwingine. Hapa wakaaji walisimama pamoja, wakafanya koperative na kupata mkataba wa kukodi udongo kwa miaka 30 kwa jina la kikundi. Mkataba huo ulifungulia wengine mlango.

Mfano wa pili ni mfereji wa Bang Bua, pia Bangkok. Familia zaidi ya 3,000 zilikuwa zimejenga pembeni, zingine juu ya maji kabisa, na zilishitakiwa kwamba zinachafua mfereji. Mitaa ya pale iliungana, ikaanza kusafisha maji, kisha ikaomba kubaki. Ofisi ya serikali yenye udongo ilikubali kukodisha kwa miaka 30 yenye kuweza kurudiliwa. Nyumba zilirudishwa nyuma, na mahali zilipokuwa pakatengenezwa njia ya kupita watu kandokando ya maji.

Juu ya nini karatasi moja ya pamoja?

Katika nchi nyingi, maskini akipewa parseli kwa jina lake peke yake, shida ya kwanza ikimfikia, ugonjwa ao kifo, anauza. Tajiri ananunua, maskini anaenda kujenga tena penye hatari. Baan Mankong ilichagua udongo ubaki kwa jina la koperative, angalau mpaka deni liishe. Anayetaka kuondoka anarudishia koperative nyumba na kupewa haki yake, kisha jamaa lingine linaingia.

Njia hii ina bei yake pia. Mtu hawezi kuweka nyumba kama garanti ya kukopa makuta ya biashara, na kama viongozi wa koperative wanakula sanduku, wote wanaumia pamoja.

Mapungufu

Shabaha ya kwanza ilikuwa kufikia jamaa 300,000 katika miji 200 kwa miaka mitano. Baada ya miaka kama kumi na mitano, waliofikiwa walikuwa karibu 100,000. Kuongea na wenye udongo kunachukua muda, na mitaa mingine haipatani. Pia wale maskini kabisa, wasio na kitu cha kuweka akiba kila juma, ni rahisi wabaki inje, sawa vile lokatere wasioandikwa siku ya kuhesabu.

Hata hivyo mpango mwingine ulioanza wakati uleule unasaidia kulinganisha. Katika Baan Ua-Arthorn, serikali ya Thailand ilitaka kujenga yenyewe nyumba 600,000 na kuziuza kwa bei nafuu. Nyumba nyingi zilikuwa mbali na kazi, zikakosa wanunuzi, na shabaha ikapunguzwa kufikia karibu nusu. Mwaka 2020 mahakama ilimhukumu waziri wa zamani aliyesimamia mpango huo kifungo juu ya rushwa iliyotoka kwa makampuni ya ujenzi.

Nchi zingine zilifanya namna gani?

Chile, Amerika ya Kusini: katika mji wa Iquique, mtaa wa Quinta Monroy, jamaa karibu 100 zilikuwa na msaada wa dola 7,500 kila moja, ambazo zilipaswa kulipa udongo, mabomba na nyumba. Haikutosha. Kundi la waarkitekti Elemental, pamoja na Alejandro Aravena, likajenga mwaka 2004 nusu ya nyumba: ukuta, ngazi, jikoni na choo, sehemu ambazo ni nguvu kwa maskini kuzijenga. Nusu ya pili iliachwa wazi, kila jamaa likaijaza polepole kwa uwezo wake.

Ethiopia: tangu 2005 serikali ilijenga magorofa mengi Addis Ababa na kuyagawa kwa bahati nasibu, asilimia 30 zikiwekewa wanawake. Watu wengi walipata nyumba zao za kwanza. Lakini wengine waliobahatika walishindwa kulipa benki, wakaikodisha nyumba kwa wenye uwezo na kurudi kukodi chumba cha bei ndogo.

Na huku Congo, sheria inaruhusu nini?

Inchini Congo, sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 iliweka kwamba udongo wote ni wa Leta, na mtu anapewa haki ya kuutumia tu. Haki isiyo na mwisho, inayoitwa konsesio perpetuele, iliwekewa raia wa Congo kama mtu mmoja. Kikundi ao kampuni haviwezi kuipata; vinaweza kupewa konsesio ordinere, ya miaka isiyozidi 25, inayoweza kurudiliwa. Ni kusema koperative ya nyumba inaweza kushika udongo, lakini karatasi yake ina tarehe ya mwisho, na lazima mtu akumbuke kuirudilia mbele ya siku.

Kuhusu koperative yenyewe, Congo iko ndani ya OHADA tangu 2012, na sheria ya OHADA ya koperative inaruhusu watu watano tu kuanzisha koperative ndogo. Kwa hiyo AVEC ya kartie inayotaka kupita kwenye kugawana akiba mwisho wa mwaka na kufikia kununua kiwanja ina njia ya kujiandikisha.

Kitu ambacho Thailand ilikuwa nacho, na ambacho kikundi hakiwezi kujipa chenyewe, ni ule mfuko wa serikali uliowekwa mwaka 1992 na kuachwa uzunguke. Akiba ya wakaaji ilikuwa asilimia 10 ya mkopo. Zile 90 zilipaswa kutoka mahali fulani.