Shoti, nusukaputi na Mirembe

Kaa kijiweni hapa Tabata nusu saa tu, utasikia tunavyowaongelea wagonjwa wa akili kama mafundi umeme. Huyu "fyuzi zimeungua", yule "ana shoti", mwingine "waya zimegusana". Akizidi, anaambiwa akapimwe Mirembe. Tunacheka, maisha yanaendelea.

Lakini nyuma ya utani huo kuna hofu ya kweli. Zipo familia zinazomficha ndugu yao ndani, zikiamini kwamba akifika hospitali atapigwa shoti na kurudi zezeta. Kwa hiyo wadau, leo tuongelee huo umeme. Ulitoka wapi?

Mwaka 1934 mjini Budapest, daktari Ladislas Meduna alianza kuwachoma wagonjwa dawa za kuwatia degedege. Aliamini kifafa na skizofrenia havikai kichwa kimoja. Imani hiyo haikuwa sahihi, ila baadhi ya wagonjwa walipata nafuu kweli. Aprili 1938 mjini Roma, Ugo Cerletti na Lucio Bini wakatumia umeme badala ya dawa. Sekunde chache tu, degedege linakuja. Ilikuwa njia rahisi, ikaenea duniani haraka.

Tatizo ni kwamba mgonjwa hakuwa amelazwa usingizi. Misuli ilikaza kwa nguvu hadi wengine wakavunjika mifupa. Nusukaputi na dawa ya kulegeza misuli zilikuja kuzoeleka miaka ya 1950. Tangu hapo, tiba hii ikifanywa inavyotakiwa, mgonjwa analala, mwili hautikisiki sana, na anaamka baada ya dakika chache. Hasara kubwa iliyobaki ni kumbukumbu: wapo wanaosahau mambo ya nyuma, na si yote yanayorudi.

Huko Ulaya na Marekani umeme ulianza kupungua dawa mpya zilipoingia, kuanzia chlorpromazine iliyojaribiwa Paris mwaka 1952. Halafu 1975 ikaja filamu ya One Flew Over the Cuckoo's Nest, watu wakazidi kuuogopa. Miaka ya 1980 ukaanza kurudi, hasa kwa sonona kali. Cha ajabu, katika nchi hizo wanaopata tiba hii wengi ni wanawake wenye umri mkubwa wenye sonona, wakati Asia ni zaidi vijana wa kiume wenye skizofrenia. Mashine ni ile ile! Kumbe anayewekewa umeme haamuliwi na ugonjwa peke yake. Inategemea pia hospitali ina nini na imezoea nini.

Sasa turudi Bongo. Hospitali ya Lutindi, kule milima ya Usambara, ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1904 chini ya wamisionari wa Kijerumani, miaka 34 kabla ya Cerletti na Bini. Dawa kubwa ilikuwa kazi za shamba na mikono. Mwaka 1927 Waingereza wakafungua Mirembe, Dodoma. Baadaye jirani yake ikawepo Isanga, kwa wagonjwa wenye kesi za jinai. Baada ya Uhuru, enzi za Ujamaa, vikaanzishwa vijiji vya wagonjwa kama Hombolo kule Dodoma na Vikuruti nje ya Dar. Waliopata nafuu waliishi humo wakilima, badala ya kufungiwa wodini. Kwa hiyo historia yetu ina jembe pia, si umeme tu.

Na umeme wenyewe? Ukifanywa vizuri unahitaji mtaalamu wa usingizi, dawa zake na oksijeni. Wataalamu hao kwetu ni wachache, na akipatikana mmoja, mama anayesubiri upasuaji wa kujifungua anatangulia. Kwa hiyo katika nchi maskini nyingi, hospitali imebaki na njia mbili: kuiacha tiba hii, au kuifanya bila nusukaputi. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilisema hiyo ya pili ikomeshwe.

Ndiyo maana nasema tunaogopa kitu kisicho chenyewe. Wengi wanaokwenda kliniki ya akili hapa nchini hutoka na vidonge au sindano. Na siku daktari akitaja umeme, usikimbie na mgonjwa. Uliza: nani atamlaza usingizi, na nani ametoa ridhaa? Akijibu vizuri, kaeni mzungumze. Akishindwa kujibu, una haki ya kukataa.

Ila kumfungia ndugu chumba cha uani hakujawahi kuwa tiba, si enzi za Mjerumani wala leo. Au mnasemaje wadau?