Kazi Voi: "Sina Mtu" Maana Yake Nini?

Kaa kidogo stendi ya Voi asubuhi utawaona vijana na bahasha zao za kaki, vyeti ndani, viatu vimepigwa rangi. Muulize mmoja mbona hajapata kazi, jibu analo tayari: "Sina mtu." Kauli hiyo ina ukweli, na ina uongo pia.

Ukweli ni kwamba kazi nyingi za Taita Taveta hazifiki gazetini. Kwenye mashamba ya mkonge ya Voi na Mwatate, nyapara akipungukiwa na watu huwauliza walioko shambani. Loji za Tsavo humuuliza mpishi kama anamjua kijana wa kuosha vyombo. Mwenye lori hachukui utingo asiyejulikana kwao. Machimbo ya vito ndiyo kabisa: jiwe la pesa nyingi linaenea mfukoni, nani atampokea mgeni asiye na mdhamini? Mwajiri huyo anataka mtu wa kumuuliza mambo yakiharibika.

Uongo uko pale tunapodhani huyo "mtu" lazima awe mjomba mkubwa ofisini. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliwauliza wanaume wa mji wa Newton, karibu na Boston, walivyopata kazi zao, akachapisha matokeo mwaka 1973. Kati ya waliosaidiwa na watu wanaojuana nao, kama 17 tu kwa 100 walisema ni mtu waliyekuwa wakionana naye mara kwa mara. Wengine wote walisaidiwa na watu wa kuonana nao mara mojamoja, au kwa nadra. Si ajabu. Unaokula nao sahani moja wanajua yaleyale unayoyajua wewe. Mwalimu wako wa chuoni, mwenzako wa timu aliyehamia Mariakani, dereva wa masafa anayepumzika Voi usiku, hao wanasikia ya kwingine. Lakini watajuaje kuwa unatafuta kazi ikiwa hujawaambia?

Na hapa mabinti wetu wanaumia zaidi. Kijana wa kiume hukaa kijiweni, habari zikampitia. Binti mwenye diploma ileile yuko nyumbani, habari yake ya kazi ni ile atakayoileta mama kutoka kwenye chama.

Kazi ya umma ni suala jingine kabisa. Katiba ya 2010, kifungu cha 232, inataka ushindani wa haki na sifa za mwombaji. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ilikataza upendeleo wa ndugu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia ziende kwa wasiotoka jamii kubwa ya kaunti, jambo zito kwa mji wenye mchanganyiko kama Voi. Kumwambia jirani "tangazo limetoka, mwisho Ijumaa" ni hisani. Kuchomeka jina la mpwa wako kwenye orodha ni kumwibia mtoto wa mwenzio, hata ukiita "kusaidiana". Anayekudai pesa ili "akupeleke mbele" naye ni mwizi. Mara nyingi hata kazi yenyewe hana.

Wengi hawajui kwamba asiyeridhika na uamuzi wa Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti anaweza kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, kwa maandishi, ndani ya siku 90. Weka nakala ya tangazo na ya barua yako ya maombi.