Safu ya Lugha: Kimoja ni kirusi, vingi ni virusi

Juzi, katika ofisi moja hapa Mtumba, kijana alichomoa flashi yangu kwenye kompyuta akaniambia, "Mzee, humu kuna virusi mmoja mbaya sana." Nilimshukuru kwa kuisafisha, lakini neno lilinikaa moyoni. "Virusi mmoja" si Kiswahili sanifu. Kikiwa kimoja ni kirusi, vikiwa vingi ni virusi, kama kisu na visu. Asili yake ni Kilatini, ambako lilimaanisha sumu. Sisi tulisikia "vi" mwanzoni, tukalipa umoja wake. Ni mgeni aliyekwisha kuwa mwenyeji. Tumtendee kama mwenyeji.

Tena, si kila kiharibucho kompyuta ni kirusi. Kirusi hujipachika ndani ya faili au programu nyingine, kikangoja mtu aifungue ndipo kisambae. Mnyoo hauhitaji kubebwa: hujinakili wenyewe na kupita mtandaoni kutoka kompyuta hadi kompyuta. WannaCry ya Mei 2017, iliyofunga mafaili na kudai fedha ili yafunguliwe, ilienea kwa njia hiyo ya mnyoo. Farasi wa Troya naye huja kwa sura ya programu njema, ukamkaribisha mwenyewe. Ukitaka jina la kuvikusanya vyote, sema programu hasidi. Hasidi ni mwenye husuda, anayekutakia mabaya, na ndivyo programu hizi zilivyo. Tuwataje maadui kwa majina yao: fundi akiambiwa sawasawa, hutibu sawasawa.