Makurunge: ardhi ya Razaba kabla ya miwa

Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, alipozindua mkakati wa Kilimo Kwanza mwaka 2009, aliitaka sekta binafsi ibebe mzigo uliozishinda ranchi na mashamba mengi ya serikali. Makurunge, wilayani Bagamoyo, inaonyesha nguvu ya hoja hiyo, na pia pengo lake. Hapo, karibu na Mto Wami, Serikali ya Zanzibar ilianzisha ranchi ya Razaba miaka ya 1970. Ilipofungwa miaka ya 1990, ardhi haikulala: watu walilima, walichunga, walichoma mkaa. Kwenye ramani, hata hivyo, ilihesabika tupu, na mwaka 2013 kampuni ya Kiswidi ya EcoEnergy ikapewa hati ili ilime miwa. Mradi ulikwama, serikali ikaifuta hati.

Watetezi wa miradi kama huo husema nchi inahitaji sukari na vijana wanahitaji ajira. Ni kweli kabisa, na leo miwa ya kampuni ya Bagamoyo Sugar inasagwa hapo hapo Makurunge. Lakini mwekezaji hakuhitaji ardhi isiyo na watu. Alihitaji ardhi isiyo na mgogoro, na hiyo hupatikana kwa kupima na kuzitambua haki za wanaoitumia kabla hati haijaandikwa.