Tippu Tip: herufi zinazoficha sauti, jina linaloficha mtu

Hapa kwetu Maniema hata mtoto anajua jina la Tippu Tip. Lakini wazazi wake walimwita Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mzaliwa wa Zanzibar. Mwenyewe alieleza kwamba watu walimpa lile jina juu ya mlio wa bunduki zake. Wengine wanasema ni juu ya macho yake yaliyopepesa-pepesa.

Wazungu waliliandika kila mtu na yake: Tippu Tip, Tippo Tib. Si ajabu. Mzee huyo aliandika maisha yake kwa Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu, na Kiarabu hakina herufi ya p. Katika maandishi yale, "pata" na "bata" ziliweza kuandikwa sawasawa. Vilevile "choma" na "chuma", maana alama moja ilitumika kwa o na u. Msomaji njo alitia sauti mwenyewe, kwa kufuata maana. Mjerumani Heinrich Brode aliyageuza kwa herufi za Kilatini, yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903.

Sasa, si herufi tu zinazoficha. Katika maisha hayo Tippu Tip anaeleza alivyosikia kwamba Kasongo Rushie, chifu wa Utetela, alikuwa na dada zake waliotekwa zamani. Yeye akajitambulisha kuwa mjukuu wa mmoja wao. Chifu akamkubali kama damu yake, hata akamwachia utawala. Kumbe mgeni mwenye bunduki amejitungia ukoo, na kwa ukoo huo amepata nchi na pembe zake.

Ukisoma, unaweza kucheka ujanja wake. Lakini njo hapo tuangalie vizuri. Biashara ile ilikuwa ya pembe na ya watumwa. Lokandu yetu, iliyoitwa Riba-Riba, ilikuwa kituo chake kandokando ya Lualaba. Waliofungwa kamba na waliobeba mizigo hawakuandika kitu. Katika kitabu tunasikia sauti ya bwana mmoja tu, tena bwana anayejua kuvaa jina la kila mahali.

Basi tumsome, kwa sababu anaeleza mengi juu ya nchi yetu. Ila sauti iliyokosekana tuitie sisi. Wazee wa Lokandu, Nyangwe na Kasongo bado wana habari walizoachiwa na babu zao. Simu tunazo mkononi. Tuwarekodi wangali hai.