Teke la bastola

Haya ndugu zangu wa nyumbani, mmeniuliza sana kuhusu Wamarekani na bastola zao, leo nawajibu. Hapa Texas wagonjwa wangu wengi wanazo, na wakianza kuzizungumzia hawachelewi kufika kwenye teke, yaani ile bastola inavyorudi nyuma mkononi ukifyatua. Wengi wanadhani risasi kubwa ndiyo teke kubwa, basi. Siyo basi, jamani. Umbo la bastola nalo lina neno lake.

Mwanzoni mwa karne ya 20 jeshi la Marekani lilipigana na Wamoro kusini mwa Ufilipino, na askari wakalalamika kwamba rivolva zao za inchi 0.38 hazimsimamishi mtu anayewajia na panga. Mwaka 1904 afisa John T. Thompson na daktari wa jeshi, Louis LaGarde, wakafanya majaribio Chicago, wakipiga risasi ng'ombe wa machinjioni na maiti za watu. (Ndiyo, maiti. Niliposoma hapo nilipumzika kwanza.) Jibu lao: risasi isipungue inchi 0.45.

Risasi imekuwa nzito, mkono ni ule ule. Bastola ya John Browning, iliyokubaliwa na jeshi mwaka 1911, ilikuwa na uzito wa kama kilo 1.1, na kitu kizito kikisukumwa hurudi polepole. Tena chuma chake cha juu kinarudi nyuma kikibana springi, kwa hiyo msukumo haufiki mkononi wote kwa mpigo kama kwenye rivolva. Mpini nao una kazi: ukiwa mwembamba unakita msukumo sehemu ndogo ya kiganja, ukiwa mpana unautandaza. Sisi manesi tunalijua hilo, nguvu ile ile ukiiweka kwenye ncha ya sindano siyo sawa na kwenye kidole gumba! Halafu mtutu ukikaa juu sana ya mkono, mdomo wa bastola unaruka juu kila risasi.

Miaka ikapita, funzo likasahauliwa. Mwaka 1986 wapelelezi wawili wa FBI waliuawa Miami katika mapambano na majambazi, na lawama ikaangukia risasi ya milimita 9. FBI wakachagua ya milimita 10. Ilikuwa na teke kali mno hata wakaipunguza nguvu, na mwaka 1990 ikatoka fupi zaidi, ya inchi 0.40. Mwaka 2014 kitengo chao cha mafunzo kikaandika kwamba risasi mpya za milimita 9 zinafanya kazi ile ile, na kwa teke dogo mtu analenga vizuri na haraka zaidi. Wakarudi walikotoka.

Mimi hao waliolengwa vizuri ndio ninaowapokea. Kidonda hakiniambii kama ilikuwa 9 au 0.45.

Na shangazi aliyeuliza kama ninayo: sina.