Winson Green: Tramu husimama, treni hupita

Ukisimama katika kituo cha tramu cha Winson Green, jijini Birmingham, utaona njia mbili za reli zikienda sambamba. Moja ni ya tramu, na tramu husimama. Nyingine ni ya treni ziendazo Stourbridge na Kidderminster. Hizo hupita tu.

Haikuwa hivyo zamani. Mwaka 1854 kampuni ya reli ya Great Western ilifungua njia ya kutoka Snow Hill, katikati ya Birmingham, hadi Wolverhampton, na mtaa huu ukapata stesheni, iliyokuja kuitwa Soho and Winson Green. Stesheni nyingine, kwenye reli ya kampuni pinzani, ilidumu kuanzia 1876 hadi 1957.

Kilichoiangusha ile ya kwanza ni umeme uliopita kwingine. Mwaka 1967 treni za umeme za London zilianza kutumia stesheni ya New Street, Snow Hill ikapoteza safari zake kubwa, na mwaka 1972 njia ya Wolverhampton ikafungwa. Tramu za zamani za jiji zilikuwa zimekwisha ondolewa tangu Julai 1953. Winson Green, mtaa wa viwanda na wahamiaji, ukabaki na mabasi. Waingereza wengi waliujua kwa gereza lake tu, alimotoroka Charlie Wilson mwaka 1964. Naye, kama kwa kejeli, alifungwa kwa kupora treni ya posta.

Treni zilirejea mwaka 1995, na stesheni mpya zikajengwa Jewellery Quarter na The Hawthorns, jirani na uwanja wa West Bromwich Albion. Mwishoni mwa Mei 1999 ikaja tramu, juu ya njia ileile iliyoachwa 1972. Katika stesheni hizo mbili abiria hubadili chombo bila taabu. Huko Wolverhampton ilibidi kungoja hadi Septemba 2023 ndipo tramu ikafika stesheni ya treni.

Winson Green, iliyo kati ya stesheni hizo mbili, ilipewa tramu peke yake. Kwa maoni yangu, waliopanga waliona inatosha. Mkazi wa hapa anayekwenda Kidderminster hupanda tramu kwanza. Na akirudi nyuma hadi Jewellery Quarter kukamata treni, dakika chache baadaye atauona mtaa wake ukipita dirishani.